Kikapu cha Wenyewe

Kofi la kwanza nililopigwa na memsaabu lilikuwa kwa ajili ya kifungo. Mwanawe wa kiume, miaka mitatu na ushei, alikuwa amesimama barazani akihangaika na koti lake, ulimi nje, kifungo kikiingia nusu kisha kikitoka. Asubuhi za Dundori zina baridi ya kukata masikio. Nikamwonea huruma, nikainama, nikamfungia vyote vitatu mara moja. Memsaabu akatokea mlangoni akanizaba kofi la shavu hata nikaona vimulimuli.

"Wacha yeye," akasema. "Iko na mkono."

Nilikuwa na miaka ishirini, yaya wa nyumba kubwa katika shamba la mzungu la ng'ombe wa maziwa na pareto, huko juu ya Nakuru. Nilikuwa na binti yangu mwenyewe, umri ule ule kasoro miezi michache, ambaye kila siku nilimwachia mama yangu kule laini, yaani kwenye nyumba za wafanyakazi. Baba yake alikwenda Nairobi kutafuta kazi akapotelea huko huko, kwa hiyo simhesabu. Tulikuwa wanne: mama, kaka yangu aliyekamua ng'ombe, binti yangu na mimi.

Memsaabu alikuwa na chumba kizima cha mtoto. Rafu zilikuwa chini, usawa wa kifua chake, na juu ya rafu zilipangwa sinia ndogo. Sinia hii ina jagi mbili na mchele, mtoto amimine kutoka hii kwenda ile. Ile ina maharagwe ya rangi mbalimbali, ayatenganishe. Nyingine ina kitambaa kilichoshonewa vifungo, afunge na kufungua mpaka achoke. Alipewa hata viazi na brashi, akawa anavisugua kwenye karai na kuloa mpaka kwapani. Akimaliza kazi moja huirudisha mahali pake, ndipo achukue nyingine. Memsaabu aliyasoma mambo hayo kwenye kitabu kilichomjia kwa posta, na aliyafuata kama wengine wanavyofuata dini. Siku moja mtoto alivunja jagi. Hakugombezwa. Alipewa kifagio kidogo akafagia vigae vyake mwenyewe, polepole, huku mama yake amekaa sakafuni akimtazama. Ningekivunja mimi kikombe, ningeona cha mtema kuni.

Basi mwanamke huyo hakumpiga mwanawe hata mara moja, na mimi alinipiga karibu kila wiki. Nilipigwa kwa kumwokotea mtoto kijiko, kwa kumfuta pua, kwa kumwita alipokuwa kazini. Hilo la kumwita ndilo lililomkasirisha zaidi. Mtoto akishashika kazi, hakuna ruhusa ya kumsemesha. Nilizimeza hasira zangu kwenye sufuria na nguo za kufua, na jioni nikazipeleka nyumbani, kwa sababu lazima niseme mapema kwamba mimi pia nilikuwa na mkono mwepesi. Binti yangu akimwaga uji, nilimpiga. Akilia kwa kupigwa, nilimpiga tena anyamaze.

Nikaamua kuiiba ile kazi. Sikuiba hata ukoko wa mkate katika nyumba ile, lakini hiyo niliiiba yote. Kama mtoto wa mzungu anaweza kujifunga vifungo akiwa na miaka mitatu, na wangu ataweza. Nikachukua shati kuukuu la kaka nikalishonea vifungo vya kila namna. Badala ya jagi nikaweka kibuyu na mkebe. Kaka akanitobolea ubao, matundu kadiri ubao ulivyotosha, mtoto atenge maharagwe, mahindi na njahi, zile kunde nyeusi za kwetu. Uani nikachora mstari wa majivu, autembee na kikombe cha maji bila kumwaga. Kaka alipoona anapenda kupita chini ya vitu, alipindisha mabua mawili ya mahindi akayafunga juu yakawa mlango mdogo mwishoni mwa mstari. Mtoto alipita pale mara ishirini kwa siku.

Wiki ya kwanza nilimpiga kwa kila tone lililomwagika. Mama alikuwa amekaa akimenya viazi.

"Hiyo kazi ya wazungu," akaniuliza, "na kofi liko kwa kitabu?"

Niliona aibu, na kwa muda nikaacha.

Lakini kikapu nilikibuni mwenyewe. Memsaabu hakuwa nacho, na nilijivunia hilo kuliko yote. Nilitia ndani vitu vya watu: kijikopo cha ugoro cha mama, kitambaa changu cha kichwa, kamba ambayo kaka alifungia miguu ya ng'ombe mkorofi wakati wa kukamua, kipande cha kibiriti cha jirani. Mtoto huchukua kimoja kwa mikono miwili, hutembea bila kukimbia, humpelekea mwenyewe. Mwenyewe husema, "Asante. Ni yangu." Kisha humrudishia akirudishe kikapuni. Akikosea, aliyepewa husema, "Si yangu," naye huendelea kutafuta. Hakukosea mara nyingi. Alikuwa akikinusa kitu kwanza, halafu anakwenda.

Kaka ndiye aliyeupenda mchezo huo kuliko mtoto. Alijificha nyuma ya tangi la maji, alisimama katikati ya wakamuaji wenzake waliovaa magunia mabegani, alivaa koti la mtu mwingine. Alipatikana tu. "Dada," alikuwa akiniambia, "huyu hatadanganywa na mwanamume yeyote." Mara moja tu alimfanyia utani, akapewa kamba yake akasema, "Si yangu." Mtoto akabaki amemkodolea macho. Akaizungusha ile kamba katika laini nzima, nyumba kwa nyumba, akirudi kwake kila mara, naye akikataa huku anacheka. Mwisho mtoto alilia hata akatapika, akakataa kula usiku kucha na asubuhi yake. Kaka alimbeba mgongoni mpaka kwenye zizi, akamwomba msamaha mbele ya ng'ombe, akamwahidi hatamdanganya tena.

Hii ilikuwa miaka ya hatari. Watu wetu wengi walikuwa wamekula kiapo cha msitu, cha kuwaunga mkono waliojificha huko kupigana na wazungu, nami nilikula, mama naye pia. Nasema hivyo bila kuona haya, kwani anayesema kwamba katika laini yetu hakukula yeyote ni mwongo. Kila mtu alijua kiapo kinavyolishwa: mlango wa mabua au majani ya migomba, watu wanapita chini yake, vitu vinahesabiwa saba saba. Nilijua, nilipita chini ya mlango kama huo kwa miguu yangu. Na bado nilikaa miezi mitatu na mabua yamefungwa uani mchana kweupe, na mwanangu akipita chini yake na kikombe, nisiuone ule mlango wa kiapo. Niliona mchezo wa mtoto. Wala mama hakuuona, wala majirani, wala kaka aliyeyafunga.

Jumapili moja, kama saa nne asubuhi, lori mbili ziliingia laini. Askari waliruka kabla hazijasimama. Wanaume wote wachuchumae kwa mistari, mikono kichwani. Wanawake na watoto wakae chini upande wa pili. Kijana mmoja aliyechelewa kuvaa suruali alipigwa kitako cha bunduki begani, nikasikia mfupa ukialika. Wakaingia nyumba kwa nyumba. Walimwaga unga sakafuni, wakamimina mafuta ya taa juu yake. Magodoro ya majani yalipasuliwa kwa visu. Kuku wa jirani alikanyagwa akafa, na hata huyo alipigwa mateke mara mbili akiwa amekwisha kufa. Nakumbuka niliona hilo ni upumbavu, nikataka kucheka, na hofu ilikuwa imenibana hata nusura nijikojolee.

Kwa kawaida walikuja na mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Alipitishwa mbele ya wanaume, akitikisa kichwa, aliyetikisiwa anapandishwa lori. Siku hiyo hakuwepo. Aliyekuwepo ni mzungu wa shamba la jirani, aliyevaa sare za polisi wa akiba. Wiki ile zizi lake lilivamiwa. Ng'ombe walikatwa mishipa ya miguu na mchungaji wake akakatwakatwa mapanga. Macho yake yalikuwa mekundu.

Askari mmoja alifika uani kwetu akasimama. Akaangalia mlango wa mabua. Akaangalia majivu na kibuyu. Akauokota ubao, akahesabu matundu kwa kidole, kisha akawaita wenzake.

"Saba," alisema.

Walimburuta mama kwa mkono mmoja mpaka katikati ya uwanja. "Nani analisha watu kiapo hapa kwako?" Mama alisema ni vya mtoto. Akapigwa kitako cha bunduki mdomoni. Alitema meno mawili mkononi mwake, akayaangalia, akasema tena ni vya mtoto. Askari aliinua bunduki mara ya pili.

Nilisimama. Hakuna aliyeniruhusu. Nilipigwa rungu shingoni nikaanguka, nikainuka, nikawa napiga kelele kwamba mimi ni yaya wa nyumba kubwa, kwamba mtoto wa memsaabu hufanya kazi hizo hizo kila siku, aulizwe. Yule mzungu akageuka. Nilikuwa nimemwandalia chai mara nyingi barazani kwa memsaabu, na alikuwa amewahi kuziona zile sinia akazicheka.

"Basi onyesha mimi," alisema. "Kama iko uwongo, mama yako napanda lori."

Mwanangu alikuwa amekaa nyuma ya wanawake, amekunja mikono mapajani kama nilivyomfundisha kungoja. Nikamshika mkono. Mkono wangu ulikuwa na damu, wake mkavu kabisa. Nikamwambia, "Fanya kazi."

Alifanya. Alijaza mkebe kutoka kwenye kibuyu, na tone la mwisho akalikinga kwa kidole. Alitembea juu ya majivu yaliyokanyagwa, akayatafuta yalipokatika, akapita chini ya mabua na maji yake yote. Alitenga maharagwe tundu kwa tundu, na punje moja ilipoangukia karibu na buti la askari, alingoja. Askari akahamisha mguu. Kuna aliyecheka, wa pili akacheka. Yule aliyempiga mama aliiweka bunduki begani. Mzungu akatikisa mkono, mama akaachiliwa, akatambaa kurudi kwa wanawake.

Ningeishia hapo. Kila siku ya maisha yangu tangu hapo nimejiambia: ungeishia hapo. Lakini nilikuwa nimejaa majivuno hadi kooni. Mama yangu alikuwa akitokwa na damu mdomoni nami nilikuwa najiona. Mwaka mzima wa makofi ya memsaabu, na huyu hapa mzungu anamtazama mwanangu kwa mshangao. Hakuna aliyekitaja kikapu. Nilikileta mwenyewe.

"Anajua pia vitu vya watu," nikasema. "Anampelekea kila mtu chake."

Mtoto alinipa kitambaa changu, nikasema asante, ni yangu. Alimpelekea bibi yake kijikopo cha ugoro, na mama akajibu kwa mdomo uliovimba. Kisha akachukua kamba, akanusa, akaingia kati ya wanaume zaidi ya hamsini waliochuchumaa nyuso chini, akapita mstari wa kwanza, akapita wa pili, akamwekea kaka kamba magotini. Kaka alisema maneno yake. Mzungu alipiga mluzi.

Halafu alikwenda kwenye lori mwenyewe, hakumtuma askari. Alirudi na kofia ya sufu ya kijani, imeganda matope na kitu cheusi, akaiweka ndani ya kikapu changu.

Niliijua kabla haijafika chini. Niliifuma mimi. Sufu yake niliifumua kutoka kwenye sweta la mtoto wa memsaabu lililotupwa, na kwa sababu haikutosha, nilimalizia ukingo kwa uzi mweupe wa gunia. Kaka aliniambia imempotea njiani akiwa na mkokoteni wa maziwa, nami nikamtukana wiki nzima. Kama aliipoteza, au aliwapa watu wa msitu pamoja na maziwa, au aliivaa mwenyewe usiku ule wa kuvamiwa zizi la mzungu, ilikookotwa, mpaka leo sijui. Hakuniambia, na baadaye hapakuwa na nafasi ya kumwuliza.

"Wewe," mzungu alimwambia mtoto, kwa upole. "Peleka hii kwa mwenyewe."

Akaichukua kwa mikono miwili. Akanusa.

Watu wamewahi kuniuliza, wale wachache niliowasimulia, kwa nini sikumwita. Nilipokuwa mjinga nilijibu kwamba memsaabu alinikataza kumwita mtoto aliye kazini. Si kweli. Ningemwita, wangejua kwamba mwenyewe yumo na ni wa kwetu. Nisipomwita, wangejua vile vile baada ya hatua ishirini. Nilitafuta njia ya tatu na haikuwepo. Nilifikiria hata kumrukia mwanangu nimpige mpaka azirai. Mkono wangu, uliokuwa ukifanya kazi hiyo kwa sababu ya uji tu, ulikufa ganzi.

Alitembea bila kukimbia. Alipita mstari wa kwanza. Kaka alikuwa ameinua uso, peke yake katika watu wale wote, anamtazama anavyokuja. Nilijua anachoweza kusema. Maneno mawili tu, na mtoto angeendelea kutafuta, angezunguka watu wote na kofia yake, akilia, akirudi kwake, na labda mzungu angechoka. Labda. Labda pia wangewapiga wote mpaka mmoja aseme. Mtoto alifika, akanyoosha mikono.

Kaka aliichukua kofia kwa mikono miwili, kama mchezo unavyotaka.

"Asante," alimwambia. "Ni yangu."

Walimpiga pale pale. Sitaeleza yote. Walianza kwa buti, wakaja kwa vitako vya bunduki, na mzungu mwenyewe alimpiga kwa kiboko cha ng'ombe mpaka akaishiwa pumzi, akakaa kwenye bampa ya lori kupumzika, akarudi. Wakati wote huo mtoto alisimama kando na mikono yake imenyooshwa. Alikuwa anangoja arudishiwe kofia aiweke kikapuni. Askari mmoja alimsogeza kwa mguu, si kwa nguvu. Walipomrusha kaka ndani ya lori jicho moja lilikuwa limefumba na mkono umepinda mahali pasipo na kiungo. Mzungu alitoa peremende mfukoni akampa mwanangu, na lori zikashuka kuelekea Nakuru.

Walimnyonga. Niliambiwa wiki nyingi baadaye na memsaabu, nikiwa naanika shuka. Alisimama mbali kidogo na ile kamba ya nguo. "Ndugu yako imekufa," alisema. "Leo wewe iko ruhusa." Maiti hatukupewa. Mama aliishi miaka mingine tisa na hakuwahi kulitaja jina la kaka mbele ya mtoto, wala kunilaumu, na huko kutolaumiwa kulinitesa kuliko rungu.

Nimeruka jambo moja, nalo ndilo lililonikalisha kuandika.

Lori zilipopotea kwenye kona, uwanja ulibaki na unga, mafuta ya taa na watu wanaolia. Mwanangu alinijia. Alikuwa na peremende mkononi, hajaifungua. Akaninyooshea kikapu akaniuliza kuna kitu kingine. Alikuwa anafurahi. Alikuwa amefanya kazi yote bila kosa, na watu wazima wengi walimwangalia.

Mkono ukafufuka. Nilimpiga kwenye vidole, kwa ule ubao, mara nisizozihesabu. Nilivikamata viganja vyake vyote viwili kwa mkono mmoja ili visinikwepe. Nilimwambia maneno ambayo mama hapaswi kumwambia mtoto, nilimwambia amemuua. Kucha mbili zilitoka. Mama yangu, mdomo umevimba na hawezi kusema, alinilalia mgongoni kwa uzito wake wote mpaka nikamwachia.

Katika laini yetu siku ile walipigwa wanaume, wakapigwa wanawake. Hakuna askari aliyempiga mtoto. Mtoto alipigwa mmoja tu, nami ndiye niliyempiga.

Tangu hapo hakushika kitu. Ukimpa kikombe, anaficha mikono kwapani. Nilimlisha, nikamvisha, nikamfunga kila kifungo mpaka alipokaribia miaka sita. Leo ni mwanamke mzima, ana watoto wake, na mkono wake wa kushoto una kucha mbili zilizoota vibaya. Akiniuliza humwambia kwamba alibanwa na mlango. Mjomba wake hamkumbuki kabisa. Anajua alikuwepo kwa sababu mimi humwambia alikuwepo.

Nimempelekea karatasi hizi. Asome mwenyewe, na akimaliza, aamue kama atakuja kunisalimia.